DARAJA NI LA NANI?
Uhakiki wa umilikaji na usimamizi wa madaraja, kwa mfano wa Kibondo na Kasulu

Suala la umilikaji wa njia kuu za uchumi limejadiliwa sana katika nchi yetu tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mijadala hiyo ilihusu zaidi mabenki, viwanda, mashamba makubwa na biashara ya nje. Barabara na madaraja yalitajwa kidogo, kwa sababu kila mtu alidhani jambo lenyewe liko wazi: barabara ni ya Serikali, Serikali ni ya wananchi, basi barabara ni ya wananchi. Lakini hoja inayoonekana wazi mno ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwanza. Daraja likibomoka usiku wa mvua kati ya kijiji na soko, na asubuhi yake wanakijiji wakakaa kando ya mto wakingoja mtu wa kuja kulitengeneza, neno hilo "la wananchi" lina maana gani?

Makala hii inahakiki fikra zinazotawala kuhusu umilikaji na usimamizi wa madaraja. Mfano wake mkuu ni wilaya za Kibondo na Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, lakini itatubidi pia kulitazama daraja moja la mjini, maana hali ya mlimani haieleweki vizuri bila ya kulinganishwa na ya pwani.

MILKI MAANA YAKE NINI?

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kumiliki kitu si kuwa na karatasi yake tu. Katika mali ya umma kama daraja, milki ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuamua: nani anasema daraja lijengwe hapa wala si pale, na lijengwe kwa namna gani? Ya pili ni kulipa: gharama inatoka katika jasho la nani? Ya tatu ni kutunza: nani ana wajibu wa kuzibua tundu la maji, kuziba ufa na kuondoa gogo lililoletwa na mafuriko, na wajibu huo ameambatanishiwa fedha na zana?

Ikiwa kundi moja linaamua, kundi la pili linalipa na kundi la tatu linaachiwa kutunza bila ya chochote mkononi, hapo hakuna milki ya umma. Liko jina tu la milki ya umma.

BARABARA YA MANAMBA

Nyanda za Buha hazikukosa barabara kwa bahati mbaya. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikapita kusini ya milima, na kazi yake haikuwa kumwinua mkulima wa Kasulu au Kibondo. Chini ya utawala wa Mwingereza eneo hili lilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha waliandikishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, na baada ya kuundwa SILABU mwaka 1944, chombo cha wenye mashamba ya mkonge cha kuajiri manamba, kazi hiyo ilipangwa kwa utaratibu zaidi. Mkoloni alihitaji njia ya kumtoa mtu Buha, wala hakuhitaji njia ya kuyatoa mazao yake. Madaraja machache ya magogo yaliyowekwa juu ya vijito yalijengwa na wananchi wenyewe kwa amri ya wakubwa wa jadi waliogeuzwa kuwa mawakala wa Serikali ya kikoloni. Kazi ilikuwa ya lazima, na waliofanya kazi hiyo hawakuulizwa njia ipite wapi.

Historia hii ina maana hadi leo kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba mkoa ulirithi upungufu. Baada ya Operesheni Kigoma kuanza mwaka 1972, watu wengi walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kandokando ya barabara, lakini barabara zenyewe zilibaki za udongo. Miaka ya 1990 na 2000, mabasi ya njia ya Kasulu, Kibondo na Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi, na kila mvua zilipoanza, safari ya siku moja iliweza kuwa ya siku tatu. Sababu ya pili ni kwamba kazi ya kujenga njia iliacha kumbukumbu chungu. Mzee aliyelazimishwa kubeba magogo kwa ajili ya gari la Bwana Shauri hawezi kufurahi upesi akiambiwa leo kwamba abebe mawe "kwa ajili ya maendeleo". Atataka kujua kwanza: maendeleo ya nani, na nani ameamua?

SHERIA NA FEDHA

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imegawa barabara katika madaraja ya utawala. Juu ziko barabara kuu na za mikoa, zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000. Chini ziko barabara za wilaya, ambazo zilikuwa mikononi mwa halmashauri mpaka mwaka 2017, ulipoundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Fedha za matengenezo hutoka katika Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikubwa ni tozo inayokatwa katika kila lita ya mafuta. Kwa mgawo uliozoeleka, asilimia 30 ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda katika barabara za wilaya na sehemu kubwa iliyobaki ikaenda katika barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA.

Sasa tutazame urefu wa mtandao. TANROADS inasimamia kilometa zipatazo 37,000. TARURA inasimamia zaidi ya kilometa 144,000. Atakayetetea mgawo huo atasema kwamba barabara kuu hubeba magari mengi na mazito, nazo zikiharibika nchi nzima husimama. Hoja hiyo ina ukweli, wala hatuipuuzi. Lakini inahesabu magari na kusahau watu. Gunia la maharage halianzi safari yake kwenye lami. Linaanzia shambani, kichwani mwa mwanamke au nyuma ya baiskeli, linavuka vijito viwili au vitatu, ndipo linafika mahali ambapo lori linaweza kusimama. Ikiwa kijito cha kwanza hakina daraja, lami iliyo kilometa 20 mbele yake haimsaidii mkulima huyo. Barabara kuu bila ya barabara za kuilisha ni sawa na mto usio na vijito.

Tena kuna mkinzano uliojificha ndani ya tozo yenyewe. Tozo hutozwa kwa lita. Gari linalopanda milima ya Heru Juu kwa gia ya chini, likizama na kunasuka katika tope, linakunywa mafuta mengi kwa kila kilometa kuliko gari linaloteleza juu ya lami. Kwa hiyo kila mfuko wa mbolea unaofika Mabamba, na kila debe la chumvi, limebeba tozo kubwa zaidi kwa sababu ya ubovu wa njia. Mkulima asiye na gari hulipa tozo hiyo ndani ya bei ya vitu, bila ya kuandikiwa stakabadhi. Yaani aliye kwenye barabara mbovu anauchangia zaidi mfuko wa matengenezo kwa kila mwendo wa safari, kisha anarudishiwa kidogo. Huu ndio unyonyaji usio na mnyonyaji wa kumwonyesha kwa kidole, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuupiga vita.

FUNZO KUTOKA KIGAMBONI

Tuende mjini kidogo. Daraja la Nyerere, linaloiunganisha Kigamboni na Kurasini jijini Dar es Salaam, lilifunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680. Asilimia 60 ya gharama ilitolewa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na asilimia 40 na Serikali. Mwezi Mei mwaka huohuo magari yakaanza kulipishwa ili fedha za Mfuko zirudi. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa.

Wapo walioishangilia njia hii na kusema ndiyo dawa ya nchi nzima: mtumiaji alipe. Wapo walioilaani moja kwa moja. Pande zote mbili zimekosa kuutazama mkinzano wenyewe. Fedha za NSSF ni akiba ya wafanyakazi. Zisiporudi, mfanyakazi anapunjwa pensheni yake ya uzeeni. Zikirudi kwa njia ya tozo ya daraja, mfanyakazi huyohuyo anayeishi Kigamboni analipa kila siku ndani ya nauli ya daladala. Basi mfanyakazi ni mkopeshaji asubuhi na mdaiwa jioni, na katikati yake ameshalipa tozo ya mafuta na kodi nyingine. Wakati huohuo Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 katika jiji hilohilo kwa mkopo kutoka Korea Kusini, hupitwa bure na wenye magari wa Masaki na Oysterbay. Mkopo wake unalipwa na taifa zima, pamoja na mkulima wa Kasulu ambaye huenda asilione daraja hilo maisha yake yote.

Hatusemi kwamba Tanzanite lilipiwe. Tunasema kwamba swali "nani alipe" halikujibiwa kwa kanuni moja. Limejibiwa kwa kufuata chanzo cha fedha: fedha zikitoka kwa wafanyakazi, apitaye hulipa, fedha zikitoka ng'ambo, apitaye hapiti kibandani. Mali ya umma haiwezi kusimamiwa hivyo, maana hapo anayeamua ni mkopo. Umma haujaamua neno.

MADARAJA YA MAWE

Sasa turudi mlimani, kwenye mfano unaostahili kusomwa kwa makini na kila kiongozi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, mkoa wa Kigoma ulianza kujenga madaraja ya mawe yenye umbo la tao. Ufundi huo ulikuwa umeendelezwa kwanza magharibi ya Uganda, katika wilaya za Milima ya Ruwenzori, kwa msaada wa Ubelgiji. Kigoma uliingia kwa ushirikiano wa TARURA na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, ndani ya mradi wa kilimo wa mkoa uliojulikana kwa jina la SAKIRP. Makumi ya madaraja ya namna hiyo yamejengwa mkoani, na baadaye TARURA ikaupeleka ufundi huo katika mikoa mingine.

Ufundi wenyewe si fumbo. Mafundi hutengeneza umbo la tao kwa mbao, wakapanga mawe juu yake kwa saruji na mchanga, kisha mbao huondolewa. Uzito wa daraja na wa gari hulisukuma jiwe dhidi ya jiwe mpaka katika misingi ya kingo mbili. Jiwe lina nguvu sana likikandamizwa, kwa hiyo daraja halihitaji nondo. Warumi walijenga hivyo miaka 2,000 iliyopita, na baadhi ya madaraja yao yangali yanasimama. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya daraja la zege la ukubwa huohuo, kwa kuwa mawe yako palepale, mchanga uko palepale, na fedha nyingi huishia mfukoni mwa kibarua na mwashi wa kijiji badala ya kwenda kununua chuma kilichoagizwa kutoka nje.

Huku ndiko kujitegemea kwa vitendo. Nguvu yake kubwa haiko katika urahisi wa bei peke yake. Iko katika elimu. Mwashi wa Makere aliyeshiriki kupanga tao anajua kwa nini maji yakichimba chini ya msingi daraja litapasuka, na anaweza kuuona ufa huo kabla ya mhandisi wa wilaya. Daraja la zege lililojengwa na kampuni ya mbali halimwachii mwanakijiji ujuzi wowote. Linamwachia njia, na njia ikikatika anabaki kama alivyokuwa.

MAKOSA MATATU YA FIKRA

Hata hivyo tusijidanganye kwamba jiwe peke yake limelimaliza suala la milki. Yako makosa matatu ya fikra yanayotembea pamoja na madaraja haya.

Kosa la kwanza ni kuliita daraja la mfadhili. Vijijini mtu husema bila ya kufikiri: daraja la Wabelgiji, barabara ya Benki, kisima cha wakimbizi. Kasulu na Kibondo zimeishi na mashirika ya misaada kwa miongo mingi, kwa sababu ya kambi za Nyarugusu, Mtabila na Nduta, na mazoea hayo yamezaa lugha yake. Lakini lugha hutangulia tendo. Aliyeliita daraja kwa jina la mgeni atamngoja mgeni alitengeneze. Mgeni naye mradi wake una mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Ubelgiji ikiondoka, mawe hayaondoki nayo. Yanabaki yakidai kutunzwa na mwenyeji.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni baya zaidi kwa sababu huvaa joho la siasa safi. Ni kusema: "Daraja ni lenu, basi litunzeni wenyewe." Kiongozi wa namna hii humkumbuka mwananchi siku ya kubeba mawe na siku ya kuzibua mtaro, lakini siku ya kuamua daraja lijengwe wapi hamkumbuki. Kujitolea ni jambo la heshima pale ambapo anayejitolea ameshiriki kuamua. Asiposhiriki, kazi hiyo ni manamba ya bure. Na tuulize: kwa nini mkazi wa Masaki haambiwi alete jembe lake kuzibua mifereji ya Tanzanite? Kujitegemea kukihubiriwa kwa maskini peke yao, kunakuwa mzigo juu ya mzigo.

Kosa la tatu ni urasimu unaojifunika kwa utaalamu. TARURA ilipoundwa, hoja ilikuwa kwamba madiwani walivutia fedha kwenye kata zao, na kwamba halmashauri zilikosa wahandisi wa kutosha. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Barabara nyingi zilichongwa kwa kufuata kura kuliko mazao. Lakini dawa ya demokrasia mbovu si kuiondoa demokrasia. Kumekuwa na malalamiko bungeni na katika mabaraza ya madiwani kwamba mwakilishi wa wananchi huulizwa habari za barabara asizozipanga, wakati aliyezipanga hajibu kwa wananchi bali kwa wakubwa wake. Mhandisi ajue namna ya kujenga, naam. Kijiji kijue mahali pa kujenga na sababu yake. Mmoja akizifanya kazi zote mbili, moja kati ya hizo itaharibika.

BARABARA MPYA, WAJIBU MPYA

Suala hili ni la haraka sasa kwa sababu sura ya eneo hili inabadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, yenye urefu wa kilometa zipatazo 260, iliyogawanywa katika sehemu nne. Upande wa Uvinza, daraja la Kikwete limekwisha kuuvusha Mto Malagarasi kwa mkopo wa Korea Kusini. Lami inavuta malori makubwa. Malori yakifika Kasulu mjini yatatafuta mazao, nayo yataingia katika njia za vijijini na kupita juu ya matao yaliyojengwa kwa mizigo ya kadiri. Mfanyabiashara wa mihogo aliyezidisha tani tano hatalipia ufa anaouacha nyuma yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe uko juu ya mto.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji kungoja mfadhili.

Kwanza, kila kijiji chenye daraja kiwe na daftari la daraja hilo katika ofisi ya kijiji: mwaka lilipojengwa, gharama yake, uzito linaoruhusu, na afisa anayewajibika likiharibika. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Mali isiyoandikwa haina mwenyewe.

Pili, madaraja yote madogo yakaguliwe kabla ya mvua za Novemba na baada ya masika, na ukaguzi huo ufanywe na fundi wa TARURA pamoja na waashi wa kijiji waliolijenga, wakilipwa posho ya kazi yao.

Tatu, matengenezo ya kawaida wapewe vikundi vya vijijini kwa mikataba midogo yenye malipo halisi kutoka Mfuko wa Barabara. Anayefanya kazi ya umma alipwe na umma, awe Masaki au Mabamba.

Nne, mgawo wa Mfuko ufikiriwe upya kwa kipimo cha watu na mazao, usifikiriwe kwa idadi ya magari peke yake, na hesabu ya kila wilaya ibandikwe mahali pa wazi ili mwananchi alinganishe alichotoa na alichopata.

Atatokea mtu wa kusema kwamba haya ni mambo madogo mno kwa makala ya itikadi: daftari, posho, mtaro wa maji. Tunamjibu kwamba itikadi isiyoweza kuufikia mtaro wa maji haijafika kijijini. Mabadiliko ya milki hayapimwi kwa matangazo. Yanapimwa siku ufa unapoonekana katika tao, kwa kutazama nani anajua kwamba ni kazi yake, nani ana uwezo wa kuifanya, na nani atawajibishwa asipoifanya. Siku maswali hayo matatu yatakapokuwa na jibu moja katika kila kijiji cha Kibondo na Kasulu, ndipo tutaweza kusema bila ya kusita kwamba daraja ni la wananchi.